Udongo Laini Nyuma ya Nyumba

Ngoie mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuaga watu wa kwaya, umesema utarudi kabla ya giza. Nimekaa mezani, sanduku lako liko mbele yangu limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na upande wa Mutoshi wingu limesimama tangu saa nane. Mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu, kwa hiyo mistari itapanda na kushuka. Halafu unajua, mdomoni nina Kiswahili chetu cha Kolwezi, lakini nikishika karatasi kinatoka kile cha baba yangu, mwalimu wa kanisa kule kaskazini, aliyekuwa anatupiga rula kila tukiandika mutoto. Utanivumilia.

Sitakuandikia uchemshe maji. Sitakuandikia habari za chandarua, wala namna ya kukaa kwenye lori ili magunia yasikuangukie, wala wanaume wa huko Sandoa unakokwenda. Hayo nimeyasema wiki nzima, mpaka ukaanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Nataka kukuambia jambo moja ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako mpaka tulipomzika. Nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya viatu, uikute ukiwa umeshafika, umeshapewa darasa lako, uko mbali na hunioni usoni.

Ni habari ya bustani yako, ile ya kunywa maji ya mvua.

Najua unafikiri niliidharau. Nilirudi kutoka Kisenge kumzika shangazi yako, nina vumbi mpaka masikioni, na kabla sijatua hata mfuko ukanishika mkono. "Mama, funga macho." Nikafunga. Ukaniongoza nyuma ya nyumba, ukaniambia fungua, na pale kwenye kona ya mpapai, kati ya chumba chako na ukuta wa tata Mwepu, nikaona beseni kubwa la udongo, pana kama kitanda cha watu wawili, kina cha goti, limepangwa mawe pembeni, na ndani yake maua mekundu ya kana, majimbi, mchaichai, na zile nyasi ndefu ulizozitoa kando ya reli. Mfereji mdogo wa mawe unatoka langoni na kuingia humo. Mama Charlotte wa ng'ambo ya barabara alikuwa amepanda juu ya tofali anachungulia. Tata Mwepu, mzee jirani yetu wa upande wa chini, alikuwa amevaa kofia yake ya kazi ya reli kama siku ya sherehe. Wote mnanitazama, mnangoja neno.

Nikasema, "Na unga wangu nitaanika wapi?"

Basi. Ndilo neno nililosema. Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Jioni ukanijia jikoni nikiwa nasonga bukari, ukaniambia, "Mama, hata aksanti?" Mi nikaendelea kusonga. Ukaenda kulala bila kula. Mwezi na nusu sasa tunaishi humu ndani mimi na wewe kama wapangaji wawili.

Ukweli ni kwamba pale kwenye kona niliogopa. Ningebaki dakika moja zaidi ningekuvuta utoke pale mbele ya watu, ungeuliza nina nini, na ningetakiwa kujibu.

Unakumbuka maji yalivyoanza. Walipoinua barabara ya juu ili malori yapite, mfereji wa zamani ukabaki chini ya kifusi, na mvua yote ya avenyu ikaanza kushukia kwenye parseli yetu, kiwanja hiki. Mwaka wa kwanza yaliingia mpaka chini ya kabati. Mwaka wa pili mi nikajifanya mjanja. Nikajaza mifuko mchanga, nikaipanga kutoka lango mpaka ukutani, maji yakageuka. Nilijisifu sana siku hiyo. Nilikaa mlangoni na kikombe cha chai nikiyatazama yanapita, wala sikuuliza yanakwenda wapi. Yalikwenda kwa tata Mwepu, na ukuta wa jiko lake ukalala chini juu ya sufuria zote alizoachiwa na mke wake. Hakuja kunigombeza. Alikuja kuomba beleshi.

Wewe ndiwe uliyeona aibu kwa niaba yangu. Ulikwenda ukakanyaga udongo naye, ukafyatua matofali naye, na ulipomaliza ukarudi na lile wazo ulilofundishwa Lubumbashi, kwamba maji yasifukuzwe, yapewe mahali pa kukaa, na mimea iyamalize taratibu. Nililipenda wazo hilo. Hukujua, lakini nililipenda. Halafu ukasema unataka kona ya mpapai.

Nikakataa. Ukauliza sababu, nikasema ndipo ninapoanika unga. Ukanionyesha mahali pengine pa kuanika, tena pana jua zaidi. Nikasema mpapai hautaki maji mengi. Ukacheka, ukaniambia mpapai uko pale pale na maji yanaupita kila mwaka. Nikasema nimesema. Ulikuwa na haki ya kukasirika, maana sababu zangu zilikuwa za kijinga, na mimi mwenyewe nilizisikia zinavyotoka. Ile ya kweli ilikuwa hainitoki mdomoni.

Pale chini kuna shimo, Ngoie. La wachimbaji. Nililiruhusu mimi.

Ulikuwa na miaka saba. Baba yako alikuwa Kisenge, kazi ipo na mshahara haupo, kila barua yake inasema mwezi ujao. Shule ilikuwa imekurudisha nyumbani mara mbili, umeshika daftari lako, huelewi umekosa nini. Wakati huo kartie nzima, mtaa wote huu, ilikuwa inachimbwa. Watu walichimba sebuleni, walichimba chini ya vitanda na mgonjwa amelala juu. Akaja kijana mmoja wa Kasai na wenzake watano. Walimwita PDG, kama wanavyomwita kila mkuu wa shimo, ingawa miguuni alikuwa na kandambili za rangi mbili tofauti. Hata mlango hakugonga. Alisimama uani akayatazama yale maua madogo ya zambarau yaliyokuwa yakiota yenyewe kwenye kona ya mpapai, akasema, "Mama, hii maua haiotake bure. Huku chini kuko kintu." Nikakubali siku ile ile.

Walizungushia bashe, turubai la bluu. Labda unalikumbuka. Nilikuambia wanatujengea choo. Na PDG akanipa sharti lao, kwamba nisikaribie. "Mwanamuke hafikake pa shimo, mama. Madini itakimbia." Sikubisha. Mimi mwenyewe niliamini, kila mtu aliamini. Kamba ya nguo ikawa mpaka wetu. Nikipika sombe naweka sufuria chini ya kamba, nageuka, mmoja anakuja kuichukua. Miezi minne watu walishuka chini ya ardhi yangu, na mi mwenye parseli naanika nguo nikiangalia upande mwingine. Sijui walishuka mita ngapi. Sijui huko chini walikata njia kwenda upande gani. Huku juu unaona mdomo tu, lakini chini wanafuata madini yanakokwenda, na njia yao inaweza kupita chini ya nyumba ya mtu anayekula bukari yake hana habari.

Siku waliyoondoka PDG aliniambia, "Tumefunika muzuri, mama." Nikasema asante. Yeye asante nilimpa.

Mvua ya kwanza udongo ulishuka kiganja kizima, nikaona ncha ya bati na kipande cha mlango. Walikuwa wametupia takataka zao na kumwagia udongo juu juu. Nilikaa chini pale pale nikalia. Halafu nikanyamaza, kwa sababu baba yako alikuwa njiani kuja likizo. Nilimwambia ni choo cha zamani kilichojaa. Akaamini. Akaweka kiti chake pale pale jioni anasikiliza redio, na mi jikoni nangoja habari ziishe ainuke.

Baadaye alitaka kujenga banda la kuku kwenye kona ile. Nikakataa, nikasema harufu. Hata zile siku zake za mwisho, amelala kitandani hawezi kunyanyua kikombe, alinichokoza, "Mama Ngoie, zile kuku yangu ulikatala juu ya nini?" Nilimshika mkono. Maneno yalikuwa yamefika kooni kabisa. Nikasema, "Harufu, tata." Akacheka kidogo. Alikufa akijua mke wake hapendi harufu ya kuku.

Usifikiri nilisahau. Kila mwaka nimekuwa nikiilisha ile kona. Majivu ya makala, maganda ya mihogo, majani, udongo wa kubeba na beseni. Nilifanya Jumapili mkiwa kanisani, nikisema kichwa kinaniuma. Miaka kumi na mitano kichwa kimeniuma kila mwanzo wa mvua, na mchungaji ameniombea mpaka amechoka. Yale maua ya zambarau nayo niling'oa kila yalipochomoza, asije mwingine akayaona.

Na hicho ndicho kilichokudanganya. Nilipokwenda Kisenge ulizunguka parseli yote na kile kipande chako cha nondo, unachoma ardhi. Kule juu, mawe. Kando ya lango, mawe. Kwenye mpapai nondo ikazama. Ulinisimulia tukiwa bado tunatembea, macho yangu yamefungwa. "Udongo ya huku iko laini, mama, iko nyeusi, sijaionaka nafasi ingine." Ulimwaga bidoni ya maji kwenye kishimo cha kupimia, ukaona yanashuka haraka kuliko popote. Ulipima vizuri, kama ulivyofundishwa. Ule weusi ni majivu yangu.

Kwa hiyo nikikupa shauri moja la kwenda nalo, ni hili, na silitoi kwenye kitabu. Utakuwa mwalimu. Utakutana na mtoto, au mzazi wa mtoto, au mkuu wako, anakukatalia jambo kwa sababu ya kijinga kabisa, na macho yake hayatulii. Usiende zako na hasira. Kaa naye, muulize mara ya pili, hata ya tatu. Wewe uliniuliza mara tatu, siwezi kusema hukuuliza. Ya nne pengine ningesema. Hapana, hiyo si haki, naanza tena kukutupia wewe mzigo wangu. Ilikuwa juu yangu kusema ya kwanza.

Wingu limekaribia. Nimefunga madirisha.

Wiki iliyopita, mvua ya kwanza iliposhuka, ulitoka nje na beseni kichwani ili uone. Maji ya avenyu nzima yakaingia kwenye bustani yako, yakajaa mpaka kwenye mawe, hayakuvuka. Kwa tata Mwepu halikuenda hata tone. Ukanirudia umelowa, umesahau kwamba tumenuniana. "Mama, inakunywa yote." Ulikuwa umenieleza kwamba bustani nzuri inamaliza maji yake kwa siku moja, mbu wasipate nafasi. Hii iliyamaliza kabla maharagwe yangu hayajachemka. Wewe ulifurahi. Mi niliweka sikio kwenye ukuta wa chumba chako nikasikiliza.

Na Jumapili, nikifagia humo chumbani, niliona ufa kwenye simenti. Unatoka pembeni mpaka kwenye mguu wa kitanda chako. Mwembamba, wa kuingiza sindano na zaidi kidogo. Nikajiambia ni wa zamani. Nikachukua punje ya mahindi, nikaibana pale juu ya ufa, ikakwama vizuri, nikasogeza mkeka juu yake. Tangu hapo kila asubuhi ukitoka naenda kuitazama. Jumatatu ipo. Jumanne ipo. Jana ipo, lakini nilipoigusa ilicheza.

Hesabu yangu ilikuwa hivi, na ninaona aibu kuiandika. Nilijiambia kesho unaondoka. Chumba kitabaki kitupu, hakuna atakayelala humo, nitakuandikia kwa utulivu, na wewe utakuwa umeshafika mbali na hasira yako itakuwa imepungua njiani. Mvua moja ilikuwa imeshapita na nyumba imesimama. Nilisema usiku mmoja si kitu.

Leo sijakwenda kuitazama ile punje. Tangu asubuhi napita mbele ya mlango wako na kuendelea.

Ngoja.

Nimekwenda. Nimeinua mkeka. Punje haipo. Si kwamba umeifagia, nimepiga magoti nikaangalia kila mahali. Imezama ndani, na kidole changu kidogo kinaingia kwenye ufa mpaka kwenye kucha.

Matone yameanza kwenye bati.

*

Narudi kuandika. Karatasi itakuwa na matope, utanisamehe, na kalamu inateleza.

Nilitoka mbio na mifuko yangu ile ile ya mchanga, nifunge mdomo wa mfereji wako ili maji yasiingie bustanini. Nilikuwa nimeshainua wa kwanza ndipo nikasimama. Nikifunga, maji yanakwenda kwa tata Mwepu, na lile jiko ni wewe uliyelijenga naye. Nikiacha, yanakwenda chini ya kitanda chako. Nilisimama katikati ya ua na mfuko mikononi, mvua inaongezeka, na hakuna mtu wa kumuuliza nifanye nini. Miaka yote hiyo nilikuwa nimehakikisha hakuna.

Nikaita. Nililiita jina la tata Mwepu kwa sauti ambayo mama Charlotte lazima ameisikia mpaka jikoni. Mzee akatokea ukutani, nikamwambia yote pale pale mvuani, mfuko bado nimeushika, maneno yanatoka bila mpango, PDG, turubai, choo, baba yako, ufa, punje ya mahindi. Nilipomaliza nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari.

Alivua kofia yake ya reli, akaikung'uta maji, akaivaa tena. "Mama Ngoie, ile shimo minaijua."

"Unaijuaje, tata?"

"Nilibasikiaka banachimba. Mi usiku silalake, ni kazi ya reli ilinizoeza vile. Balianza kupiga pa ukuta yangu, to, to, to, nikasema, beko banakuya kwangu. Kisha sauti ikageuka. Ikaenda kwako. Ku chumba ya mutoto, njo kule iliishia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Parseli iko yako. Nilizania unajua." Halafu akatazama pembeni, mzee mzima. "Na balinipatiaka mufuko ya bunga, ninyamaze. Nikaikula."

Unaelewa, Ngoie? Mi miaka yote nilihofia njia imepita kwake. Nilikuwa sithubutu kumtazama mtu yule machoni. Ukuta wa jiko lake ulipoanguka nilijua ni mifuko yangu, lakini usiku nilikuwa najiuliza kama ni shimo pia. Na yeye alikuwa hathubutu kunitazama mimi. Nilikuwa na haya mbele yake, alikuwa na haya mbele yangu, na wewe ulikuwa umelala juu ya shimo lenyewe.

Mzee alikwenda na nyundo akatoa matofali matatu chini ya ukuta wa ua wake, akaniita kwa mkono. "Leta maji." Nikafunga mdomo wa mfereji wako, tukayageuza, yakapita uani kwake, mbali na jiko, mpaka njia ya chini. Amesimama ndani yake mpaka kwenye vifundo vya miguu akiyasukuma na ufagio. Jiko limesimama. Mvua haikuwa ndefu, imekatika kama ilivyokuja, lakini hii ni ya kuonja tu, kubwa zenyewe bado.

Alikuwa na lundo la udongo wa kichuguu aliloletewa kwa ajili ya matofali. Anasema ule ukishindiliwa hauruhusu maji. Tukaamua kuufunika mdomo wa shimo nao, ulioloweshwa na kukanyagwa, usinywe tena hata tone mpaka aje mtu anayejua. Na ili tufanye hivyo nimeing'oa bustani yako.

Nimeanza na kana. Nimetoa kila mmea kwa mikono, na udongo wake, pole pole, nimeipanga kwenye mabeseni yote ya nyumba hii chini ya upenu, hata lile la kufulia. Majimbi yametoka vizuri. Nyasi zako zilikuwa zimeshika kwelikweli, nilipovuta zilivutana na mimi. Shina moja la mchaichai limekatika, hilo ni kosa langu. Nilipomaliza niliinuka nikatazama kona ile tupu, yenye matope, na moyo ukanipiga kuliko nilipouona ufa. Nilikuona akilini unarudi kutoka kwaya, siku yako ya mwisho, unazunguka nyuma ya nyumba kuiaga bustani yako, maana najua ungekwenda kuiaga, na unakuta mama yako ameing'oa.

Kwa hiyo barua haiendi Sandoa. Sitaiweka tena chini ya viatu. Nitaiweka kwenye kiti mlangoni, sahani juu yake isipeperuke, na nimemwambia mama Charlotte akikuona wa kwanza akuambie usome kabla hujapita nyuma.

Godoro lako limeshahamia chumbani kwangu. Chumba chako nimekifunga, na ufunguo nimeufunga kwenye pindo la kitenge changu, usinibembeleze. Nguo zako za safari ziko juu ya kiti changu. Utalala upande wa ukutani, ulivyokuwa ukilala baba yako akiwa Kisenge. Kesho, lori likishaondoka, mimi na tata Mwepu tutakwenda kwa shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa, kusema habari ya shimo, mimi nikitangulia kusema na yeye akieleza alichosikia. Sijui watatuambia nini. Pengine tutaambiwa tuhame. Pengine watu watanicheka, mama wa kanisa aliyemdanganya mume wake kwa choo. Sijui kama nyumba hii utaikuta imesimama ukija likizo. Naogopa, sitakuficha, naogopa hata nikiandika neno hili, lakini kichwa hakiniumi.

Maji ya avenyu bado yatakuja kila mvua, na mzee hawezi kusimama na ufagio uani kwake mpaka mwezi wa nne. Yanataka mahali. Nataka tuyape mahali kule juu, kando ya lango, kwenye mawe uliyoyakimbia. Tata Mwepu anasema upande ule hakusikia kitu hata usiku mmoja. Ameleta mtaimbo wake, anasema tutapasua kidogo kidogo, hata mwezi mzima. Lakini hatujui kina gani, hatujui mchanga kiasi gani na mbolea kiasi gani, wala mawe ya kutokea maji yakae wapi. Mi nilikuwa sikusikilizi ulipokuwa unaeleza. Nilikuwa nakuangalia mdomo tu nikiomba ubadilishe kona.

Bustani yako ilikuwa nzuri, Ngoie. Nilipofungua macho siku ile, kabla sijaogopa, niliiona kwanza ilivyokuwa nzuri. Aksanti, mwanangu. Aksanti kwa bustani, na kwa jiko la tata Mwepu.

Jua limerudi kidogo, imebaki kama saa moja ya mwanga. Tuko langoni sisi wazee wawili, tumejaa matope, na nondo yako ninayo mimi. Vaa kandambili, uje utuonyeshe pa kuchoma.

Mama yako